Matunda ya Porini na ya Mtaani: Namna ya Kuyajua, Kuyachuma na Kuyafaidi

Watu wengi waliokula furu na kunazi wakitoka shule, leo wanapita chini ya miti ileile bila kuinua macho. Watoto wao hawaijui kabisa. Matunda yanaiva, yanadondoka, yanaoza, na wanaofaidi ni nzi na mbuzi. Wakati huohuo tunatoa hela sokoni kununua maepo yaliyosafiri kutoka Afrika Kusini, ilhali nyuma ya nyumba kuna mkwaju umeinama kwa mzigo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuyajua matunda hayo, awe aliyasahau au hakuwahi kuyaonja. Nimeegemea Tanzania, pwani na bara, kwa kuwa ndiko ninakokufahamu. Lakini mbuyu, mkwaju na mkunazi havijui mpaka. Msomaji wa Kilifi au wa Kitui atakuta mengi ya kwao humu.

Naomba ushike jambo moja tangu sasa, maana ndilo litakalokuongoza hatua zote: tunda linalosemwa "halina ladha" au "linakaza mdomo," mara nyingi limeliwa kabla ya wakati wake au kwa namna isiyo yake. Embe bichi nalo linakaza mdomo, na hakuna anayelilaumu.

Hatua ya kwanza: anza na mti mmoja

Usiingie porini na kikapu ukitegemea kuyajua matunda yote siku hiyohiyo. Chagua mti mmoja ulio karibu, unaoweza kuupitia kila wiki bila kupanga safari. Ukiwa Dar es Salaam, Tanga au Unguja, mzambarau utaupata mtaani, umepandwa kwa ajili ya kivuli. Ukiwa Dodoma, Singida au Iringa upande wa Ruaha, mbuyu na mkwaju vimejaa. Ukiwa Tabora, tafuta mkunazi au mbura. Ukiwa Songea, Ludewa au Mbeya kwenye misitu ya miombo, anza na mkusu.

Utazame mti huo mwaka mzima. Angalia unapopukutisha majani, unapotoa maua, tunda linapoanza kuonekana na linapobadilika rangi. Andika kwenye simu mwezi na hali ya tunda, piga na picha. Kalenda ya namna hii haipatikani dukani, na haiwezi kukopwa kutoka mkoa mwingine, kwa sababu mvua za Tanga si mvua za Dodoma. Mti ukikaa mwaka mzima ukiutazama, hutaufananisha tena na mwingine hata ukiwa hauna tunda wala ua.

Hatua ya pili: tafuta anayelila

Picha za mtandaoni zinasaidia, lakini hazitoshi. Mwalimu wa kweli ni mtu aliyelila tunda hilo tangu utotoni, mahali hapohapo. Mara nyingi ni bibi au mzee wa jirani, au wachungaji wa ng'ombe, au watoto wa shule ya msingi ya kijijini. Watoto wasidharauliwe katika hili. Wao ndio wanaojua mti upi una furu tamu na upi una furu chachu.

Nenda kwa adabu, usiende kama mtafiti mwenye haraka. "Shikamoo bibi. Haya matunda nyie hapa mnayaitaje, na mnayalaje?" Swali la pili ndilo lenye hazina. Ukiuliza tu kama linaliwa, utajibiwa ndiyo au hapana, basi. Ukiuliza linaliwaje, utaambiwa lisubiriwe mpaka lianguke, au lifukiwe kwenye majani siku kadhaa, au mbegu zitemwe zisitafunwe.

Majina nayo hubadilika kila baada ya kilomita chache. Tunda jeusi lenye kokwa moja gumu, wengine wanaliita furu, visiwani utasikia fuu, pwani ya Kenya ni fudu. Na kuna aina kadhaa za miti zinazobeba majina hayohayo. Kwa hiyo usitegemee maneno ya mtu kwenye simu: mwoneshe jani, mwoneshe tunda, akuthibitishie kwa macho. Ukibaki na shaka na unataka jibu la kitaalamu, kausha tawi dogo lenye majani na tunda au ua katikati ya magazeti, ulipeleke kwa wataalamu wa mimea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na Nairobi iko Herbaria ya Afrika Mashariki chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Hatua ya tatu: jua na ya sumu

Hapa sitapita haraka, kwa sababu ndipo mtoto anapoweza kupotea.

Msemo wa kwamba "ndege wakila, na mtu anaweza kula" uufute kichwani. Ndege na tumbili wanameza vitu ambavyo mtu akivila vinamdhuru. Kipimo ni binadamu anayekila, hakuna kingine.

Mimea minne ijue kwa sura kabla hujaanza kuchuma chochote. Wa kwanza ni mtula, wengine huuita ndulele au mtunguja: kichaka chenye miiba na matunda ya mviringo, ya kijani yenye michirizi, yakiiva yanakuwa ya njano kama nyanya ndogo. Umejaa kando ya barabara na mashambani. Watu hutumia matunda yake kwa dawa, lakini si chakula. Wa pili ni mturituri, ule unaotambaa wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zinazotungwa ushanga. Mbegu yake ikitafunwa ni sumu kali sana. Wa tatu ni mbono, unaopandwa kama ua wa kuzungushia makaburi na nyumba. Karanga zake zinafanana na kitu cha kutafuna na watoto hudanganyika nazo. Wa nne ni mbarika, yaani nyonyo, ambao mbegu zake zenye madoa zinavutia macho kweli.

Kuna pia matunda yanayoliwa ambayo sehemu yake moja haifai. Mtopetope mwitu, ule mdogo wa porini wenye tunda la rangi ya chungwa na harufu nzuri mno, nyama yake tamu lakini mbegu zake zina sumu: nyonya, tema. Madonga nayo, yale ya mviringo yenye gamba gumu, hunyonywa nyama tu. Ukoo wake una miti yenye sumu inayojulikana dunia nzima, kwa hiyo mbegu zake usizivunje kwa meno wala usizisage kwenye blenda. Mnavu tunaoula kama mboga una vitunda. Vikiwa vya kijani viache.

Mtu akila kitu kisichojulikana na akaanza kutapika, kuharisha, kuona kizunguzungu au kubadilika, mpelekeni zahanati au hospitali mara moja na mchukue tawi lenye tunda lile lile. Msimlazimishe kutapika. Tunda mkononi linamsaidia mganga kujua anapambana na nini.

Hatua ya nne: jua mti ni wa nani

Tunda la porini halina maana ya tunda lisilo na mwenyewe. Mti ulio shambani kwa mtu ni wa mtu huyo hata kama hakuupanda, kwa hiyo bisha hodi kwanza. Msitu wa kijiji una kamati na taratibu zake. Pitia ofisi ya serikali ya kijiji. Ndani ya hifadhi za taifa huruhusiwi kuchuma. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na kuvuna mazao ya msitu humo kunaongozwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ukitaka kuvuna kwa magunia ili uuze, uliza kibali kabla hujakodi gari.

Ipo pia miti ya heshima. Mbuyu mwingine una tambiko, mkuyu mwingine uko kwenye kaburi la wazee. Ukiambiwa huo hauguswi, uheshimu, uende kwenye mwingine. Mibuyu ipo tele.

Hatua ya tano: chuma lilipoiva

Hii ndiyo hatua inayotenganisha anayefaidi na anayelalamika. Kila tunda lina alama yake, na alama hizo hazifanani.

*Makusu* hayachumwi mtini. Yanaokotwa. Tunda la mkusu linapoiva sawasawa huanguka lenyewe, ganda lake la kahawia likiwa bado zima. Ukilibana kwa vidole viwili ganda linapasuka, na ndani kuna nyama laini ya njano yenye utamu wa asali uliozunguka mbegu tatu au nne. Mtu anayepiga matawi kwa fimbo anaangusha machanga, na yakiwekwa ndani yaive, utamu wake hauwi ule. Nenda asubuhi mapema, mwanzoni mwa msimu wa mvua, kabla ya nguruwe na ng'ombe. Wazambia na Wamalawi, wanaoyaita masuku, huyauza kando ya barabara kwa mabeseni, na huku kwetu kusini utayakuta hivyohivyo.

*Ng'ongo* nazo huanguka zingali za kijani, kisha zinaivia chini hadi ziwe njano. Kwa hiyo ukikuta za kijani chini ya mti usizidharau. Zikusanye, ziweke kwenye kikapu siku chache. Ganda unalichuna, nyama unanyonya, na kokwa lina njugu ndani yake yenye mafuta, tamu sana kwa mwenye subira ya kulivunja. Jambo la kujua: mng'ongo una mti dume na mti jike. Dume hautazaa hata uungojee miaka.

*Ubuyu* utikise. Buyu lililoiva na kukauka linalia ndani, ganda limekuwa kahawia na vinyweleo vyake vinafutika kwa kiganja. Msimu wake ni kiangazi, Juni hadi Septemba hivi katika nyanda za kati. Usikwee juu ya mbuyu. Shina ni pana, halina pa kushika, na mashimo yake yanakaliwa na nyuki na nyoka. Tumia ngoe, yaani mti mrefu wenye ndoana mwishoni, au okota yaliyoanguka ambayo hayajapasuka. Buyu lililopasuka na kunyeshewa huota ukungu. Nyama ikiwa na rangi ya kijivu au nyeusi, litupe lote.

*Ukwaju* ukiiva ganda linajitenga na nyama. Ukilibonyeza linavunjika kwa mlio mkavu. Likiwa bado limegandamana na nyama, liache wiki mbili tatu.

*Kunazi* watu wengi hula mapema mno, ikiwa njano na ngumu. Inaliwa hivyo, lakini jaribu ile iliyogeuka kahawia na kuanza kusinyaa. Ni tunda jingine kabisa. Angalia miiba: mkunazi una miiba ya jozi, mmoja ukiwa umejipinda, na ule uliojipinda ndio unaokamata nguo na ngozi. Waislamu wanaujua mti huu pia kwa majani yake, yanayotumika kuoshea maiti, kwa hiyo usikate matawi hovyo ili upate tunda. Kuna watu watayahitaji.

*Furu* lazima iwe nyeusi na laini. Ya kijani haina maana, ya zambarau inakaza. Nyeusi iliyodondoka usiku ndiyo yenyewe, ina utamu mzito wa tende. Mti wake una majani matano yanayotoka penye kikonyo kimoja, ukilijua jani hilo huukosi.

*Madonga* hubadilika kutoka kijani hadi njano ya kukolea. Yabonde kwenye jiwe au kwa mpini wa panga. Nyama ikiwa ya kahawia na inanukia, umepatia. Ikiwa nyeupe na chungu, acha kabisa.

*Mabungo* yanatoka kwenye mti unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine, hasa mikoa ya pwani na visiwani. Bichi likikatwa linatoa utomvu mweupe unaonata kwenye kisu na mikono. Likiiva ganda linakuwa la rangi ya chungwa, linabonyea kidogo, na utomvu umekwisha. Kwa hili huhitaji hata kuingia porini: Darajani mjini Unguja na masoko ya Tanga huyapata wakati wake.

*Zambarau* chuma zilizokuwa nyeusi pande zote. Yenye wekundu sehemu ya kikonyo itakuachia ukakasi ulimini. Pwani huiva kuanzia Novemba hivi hadi Februari, na msimu ni mfupi: wiki mbili ukijisahau, chini kumebaki madoa tu.

Matunda mengine nayataja tu ili uyaulizie ukiwa mahali pake: mbura, mavilu, chongoma, kole, kindu. Kila moja lina watu wake na namna yake.

Iko tahadhari moja ya kila mahali. Tunda lenye alama za meno au lililonyonywa na popo lisiliwe, hata kama upande wa pili mzima. Popo wanaokula matunda hubeba virusi vya Marburg, ugonjwa uliotangazwa mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Pia fikiria kilichopuliziwa jirani. Mikoa ya Mtwara na Lindi mikorosho hupulizwa salfa na viuatilifu wakati wa ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na maeneo ya pamba hupigwa dawa za wadudu. Matunda ya miti iliyo katikati ya mashamba hayo usiyaokote katika kipindi hicho. Yaliyo kando ya barabara kubwa yenye vumbi na moshi, mimi huyaacha.

Hatua ya sita: osha, onja, ngoja

Osha kwa maji safi yanayotiririka, hasa yaliyookotwa chini. Mara ya kwanza kula tunda usilolizoea, kula moja au mawili, si bakuli. Ngoja mpaka kesho yake. Siyo kwa sababu ya sumu tu, maana hiyo tumeshaihakikisha. Tumbo nalo linahitaji kuzoea. Ukwaju mwingi unaharisha, furu nyingi zinavimbisha tumbo, na zambarau nyingi zinafunga choo. Mtoto mdogo asipewe matunda yenye kokwa bila mtu mzima kukaa naye, kwa sababu kokwa la kunazi linatosha kuziba koo.

Hatua ya saba: lile kwa namna yake

Zambarau hazitaki kuliwa kavu. Zioshe, zitie kwenye bakuli lenye mfuniko, nyunyizia chumvi kijiko kidogo kwa bakuli la nusu kilo, funika, kisha tikisa kwa nguvu kama dakika moja. Ngozi zinachubuka, juisi inatoka na kuchanganyika na chumvi. Weka kando robo saa. Ukakasi unapungua sana na utamu unajitokeza. Wengine huongeza pilipili ya unga. Pilipili kidogo inafaa. Vaa nguo usiyoipenda.

Kwa mabungo, njia bora ni juisi, na ni juisi ambayo sijaona mfano wake. Chukua mabungo sita ya wastani yaliyoiva. Kata ganda katikati kwa kisu, usizame ndani. Utaona vipande vya rangi ya chungwa vilivyoshikana, kila kimoja kimefunika mbegu. Vitoe kwa kijiko uvitie kwenye sufuria, mimina maji ya uvuguvugu lita moja na nusu, uache nusu saa. Halafu osha mikono vizuri, uviminye na kuvisugua kwa vidole, taratibu, mpaka mbegu zianze kuteleza na maji yageuke mazito ya rangi ya chungwa iliyokolea. Ukitumia blenda, bonyeza na kuachia mara chache tu, kwa sababu mbegu ikisagika juisi inakuwa chungu. Chuja kwa chujio la nazi. Tia sukari kidogokidogo huku ukionja. Bungo lina ukali wake na hupaswi kuuua wote. Iliki iliyotwangwa, kiasi cha ncha ya kidole, inapatana nayo. Ipoze kwenye friji, inywe siku hiyohiyo au kesho yake. Harufu yake ikijaa ndani ya nyumba utajua kwa nini watu wa visiwani huitaka kwenye futari.

Ubuyu una njia mbili kuu. Ya kwanza ni juisi. Toa nyuzi nyekundu, loweka ubuyu wenye mbegu kwenye maji ya uvuguvugu, kikombe kimoja cha ubuyu kwa vikombe vinne vya maji, kwa saa moja. Koroga kwa mwiko mpaka mbegu zibaki tupu, chuja, tia sukari au asali. Usiuchemshe. Ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito uleule, na moto mrefu ndio unaoiharibu vitamini hiyo. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huupondaponda na kuuchanganya na maji, na asali ikiwapo, huenda vizuri mno. Unga wa ubuyu leo unauzwa Ulaya kwa bei ya juu tangu Umoja wa Ulaya uuruhusu mwaka 2008, wakati huku mwingine unapukutika barabarani.

Njia ya pili ni ubuyu wa kupika, ule mwekundu wa Zanzibar ambao Mombasa wanauita mabuyu. Kwa kilo moja ya ubuyu wenye mbegu, weka sufuriani sukari nusu kilo, maji kikombe kimoja na nusu, chumvi chembe, iliki iliyotwangwa na pilipili ya unga kwa kadiri unavyovumilia. Chemsha mpaka shira ianze kunata kati ya vidole. Hapo tia rangi. Zile rangi za unga za dukani ndizo zinazozoeleka, lakini maji ya bitiruti yaliyochemshwa yakapungua yanatoa wekundu mzuri, na kwa ubuyu wa watoto naona ndiyo ya kutumia. Mimina ubuyu, geuza haraka kwa mwiko kila mbegu ipate shira, punguza moto, endelea kugeuza mpaka ukauke na kuanza kuachana. Epua, tandaza kwenye sinia, ukipoa uweke kwenye chupa yenye mfuniko.

Ukwaju, loweka kwenye maji ya moto, minya, chuja. Maji hayo mazito ndiyo yanayotiwa kwenye uji wa mtama au ulezi badala ya limau, kwenye mchuzi wa samaki, na kwenye chatne ya kachori na bajia. Samaki wa kukaanga aliyepakwa ukwaju, kitunguu saumu na pilipili kabla ya kuingia kwenye mafuta hahitaji kingine.

Makusu, furu, ng'ongo, madonga na kunazi zilizosinyaa ni za kula mkononi, pale pale, na maji ya kunawa pembeni. Kuzipika kunazidhulumu.

Hatua ya nane: hifadhi ya miezi ya mbele

Kila tunda kati ya haya huja lote kwa pamoja na kuondoka kwa pamoja. Kunazi zianike juani juu ya jamvi au wavu, siku nne au tano, uzianue kila jioni kabla ya umande. Zikikauka hukaa miezi. Ubuyu na ukwaju havina shida: weka pakavu, kwenye chombo kisichoingia wadudu, ukwaju ukiwa umetolewa maganda na mbegu, ukafinyangwa matonge na kunyunyiziwa chumvi. Juisi nzito ya mabungo au ya zambarau isiyotiwa maji mengi igandishe kwenye vifuko vidogo ndani ya friza, kila kifuko kitoshe jagi moja. Ukiona juisi inatoa povu na harufu ya pombe, imeshachacha.

Anayetaka kuuza aende SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mkoani kwake, wanafundisha usindikaji wa matunda kwa wajasiriamali wadogo, kisha afuate taratibu za TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla ya kubandika lebo.

Hatua ya tisa: otesha

Ukiokota, acha mengine chini kwa ajili ya miche na wanyama. Kisha panda wako. Mbegu za ubuyu zina ganda gumu: zimwagie maji ya moto, ziache zikae humo mpaka asubuhi, ndipo uzifukie kwenye viriba. Mbegu za ukwaju zikwaruze kidogo kwa msasa, zilowekwe usiku kucha. Kokwa la kunazi ukilipasua kwa uangalifu na kutoa mbegu ndani linaota haraka zaidi. Mbegu ya zambarau haingoji. Ikikauka imekufa, kwa hiyo ifukie siku hiyohiyo unayoila. Mbungo upande karibu na mti wa kupandia, kwenye mwembe mzee au ua imara, usiupande kwenye nguzo ya umeme.

Mkunazi unafaa kuwa ua, kwa miiba yake. Mbuyu unataka nafasi kubwa mbali na msingi wa nyumba. Mzambarau uweke mbali na kamba ya nguo, mbali na kisima, na pasipoegeshwa gari, kwa sababu kila Desemba utadondosha matunda meusi usiku na mchana, na doa lake halitoki kwa sabuni yoyote ninayoifahamu.